Chakula Kifike cha Moto

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, Philomena alisimama mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akajitazama, akasema, "Mimi ni mtu wa subira."

Kuku walinyanyua shingo, wakaona hawarushiwi kitu, wakaendelea kuparura.

Kioo chenyewe kilikuwa cha kunyolea ndevu, kidogo kiasi kwamba aliweza kuona jicho moja, au pua, au mdomo. Vyote kwa pamoja havikuenea. Mara nyingi aliuambia mdomo, na mdomo ulikubali. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba, akalivua guta turubai lake, akalifuta vumbi kuanzia taa ya mbele mpaka bodi, akaliwasha. Likanguruma. Alilisikiliza kidogo kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, akalizima, akalifunika tena.

Guta hilo, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma, lilikuwa la marehemu mumewe, Gelasius. Miaka yote kazi yao ilikuwa moja: Philomena anapika, Gelasius anaendesha. Sufuria zilisafiri nyuma pamoja na mpishi wake, naye amezikumbatia na kushika vifuniko, kutoka senta ya Isangilo, upande wa Ushirombo, mpaka ng'ambo ya kilima kwenye maduara, yale mashimo ambako wachimbaji wadogo hushuka kutafuta dhahabu. Gelasius alipiga mluzi njia nzima, wimbo ule ule, na alifunga breki kwa ajili ya kila kuku aliyekatiza. Wachimbaji walisikia mluzi na injini, wakapanda juu kabla guta halijaonekana. Walipofika kwenye sufuria, mvuke ulikuwa bado unatoka.

Gelasius alifariki wakati wa masika, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Siku ya kumaliza matanga ndugu walikaa wakazungumza, na katika kikao hicho hakukuwa na mtu mwenye roho mbaya. Sostenes, mdogo wake marehemu, mkulima wa tumbaku kule Ushetu, alisema kwa upole kabisa kwamba chombo kisipotembea kinaoza. Shemeji akiweza kukiendesha, ni chake, na hakuna atakayeuliza. Asipoweza, basi tumbaku ikishavunwa yeye Sostenes aje akichukue kikafanye kazi shambani. Philomena aliitikia, "Sawa." Tumbaku ilikuwa bado mbali, na yeye alijua kabisa kwamba kufikia wakati huo atakuwa anaendesha.

Sasa tumbaku ilikuwa imevunwa, na Sostenes alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja.

Haikuwa kwamba Philomena anaogopa kuanguka. Gia alizijua kwa kuzitazama, maana alikaa nyuma ya mguu wa Gelasius miaka mingi. Shida ilikuwa kiti. Kila alipokikalia aliona amekalia nafasi ya mtu aliyetoka kidogo tu, kama unavyokalia benchi la kanisa na mwenyewe ameacha kitabu chake cha nyimbo hapo. Alishuka haraka kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo chakula kilikwenda na bodaboda ya Festo, mtu mzima mwenye wake wawili na visingizio vingi zaidi ya hapo. Festo alimwaga mchuzi, na alipofika, ugali ulikuwa umeshikana kama tofali. Wachimbaji walikula kwa sababu ya heshima. Kisha mmoja mmoja wakaanza kununua maandazi.

Habari ya kioo ilitokana na semina. Kikundi cha akina mama wa kigango kilikuwa kimemwalika Mwalimu Asteria, mama mcheshi kutoka Shinyanga mjini, aje awafundishe kujitambua na kufika wanakotaka. Siku ya kwanza aliwaambia kila mmoja achague neno moja ambalo maisha yake yamesimama juu yake, ajiambie neno hilo kila asubuhi kwenye kioo, kisha alifunge kwenye lengo. Mmoja alichagua "amani". Mwingine alichagua "uaminifu". Suzana muuza pombe alichagua "usafi", na semina ikasimama mpaka watu walipomaliza kucheka.

Philomena hakuhitaji kufikiri. Alipokuwa anamwuguza mumewe, kila aliyekuja kumjulia hali alimshika mkono akamwambia, "Mama Limi, wewe una subira." Ilisemwa mpaka ikawa kama jina lake la pili, baada ya lile la binti yake. Akachagua "subira". Lengo: kuliendesha guta mpaka machimboni.

Na subira kweli ilifanya kazi, tena sana. Kwa subira alisubiri mvua ziishe. Kisha alisubiri matope yakauke. Kisha alisubiri Limi aje likizo kutoka shule ya bweni Kahama, ili awepo mtu wa kumshangilia. Limi alikuja, akala, akalala, akarudi shule, na turubai lilikuwa bado juu ya guta.

Siku ya pili ya semina, miezi kadhaa baada ya ile ya kwanza, ilikuwa Jumapili ile ya mwisho kabla Sostenes hajaja. Baada ya misa akina mama walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi, Mwalimu Asteria akasimama mbele.

"Fumbeni macho," alisema. "Leo ni siku ya mazishi yako. Watu wamejaa. Unasikia wanasema nini juu yako?"

Macho yote yalifumbuka.

"Mungu apishe mbali!"

"Mwalimu, huo ni uchuro!"

Mke wa katekista alifanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili kwa niaba ya waliosahau. Suzana alitoka nje kutema mate, akarudi akakaa karibu na mlango.

Mwalimu Asteria alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa Msukuma wa huku huku, wala hakushangaa. "Najua, mayu, mama zangu, najua. Zoezi hili nilimpa mama yangu mzazi, akanifukuza na mwiko. Lakini niambieni. Msibani huku kwetu, ni nani anaruhusiwa kumsema marehemu jinsi alivyokuwa, uchoyo wake, kukoroma kwake, mwendo wake, tena mbele ya jeneza, na hakuna wa kumgusa?"

"Mtani!" ukumbi mzima ulijibu.

"Basi msife. Nendeni kwa watani zenu mkiwa hai. Mwambie akuigize. Akimaliza, jiulize kama lile neno ulilochagua ni la kwako au la kuazima."

Philomena hakuwa na haja ya kutafuta mtani mbali. Kibanda kinachotazamana na chake cha chakula, mbele ya nyumba, kilikuwa cha Mwanaima, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja na vitenge vyake miaka mingi iliyopita, akakuta watani wake Wasukuma na Wasumbwa wamejaa kila upande, akaamua kubaki. Kwenye mazishi ya Gelasius, Mwanaima alivaa mabuti ya marehemu na helmeti yake, akapanda benchi kama guta, akajaribu mluzi wake ukaenda upogo, na akafunga breki kwa kila kuku aliyepita uani. Hapo ndipo Philomena alipocheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, kicheko kilichochanganyika na kilio mpaka waliomshika wakashindwa kujua wambembeleze au wamwache. Kisha Mwanaima alilala njiani mbele ya jeneza na kukataa kuondoka mpaka apewe jogoo. Akapewa.

Jumatatu mchana, Philomena alimweleza habari ya zoezi. Mwanaima aliweka mikono kiunoni.

"Kwa marehemu nilipata jogoo. Kwa huyu aliye hai napata nini?"

"Utakula ugali."

"Huo ugali wenu wa muhogo unaonishika kooni kama gundi? Nyie watu wa michembe ya viazi vikavu, kila kitu chenu lazima mtu ateremshe kwa maji."

"Basi rudi kwenu ukale nazi, na ucheze ngoma mpaka mahindi yaliwe na nyani."

"Lete aproni," alisema Mwanaima.

Kibandani kulikuwa na wateja, miongoni mwao Chacha, mchimbaji wa Kikurya mwenye mabega mapana, aliyekuwa amepanda juu siku hiyo kwa sababu duara lao lilijaa maji. Mwanaima alijifunga aproni ya Philomena, akajitwika kilemba chake, akashika mwiko, akaingia kwa mwendo wa kutupa visigino.

"Wateja wangu," alianza kwa sauti laini kama ya mtu anayesoma somo kanisani, "mimi ni mtu wa subira." Kisha akageuka ghafla. "Wewe Chacha! Hiyo mikono ni ya mtu au ya fuko? Nawa! Umenawa? Hujanawa, umeilowesha! Na mbona huli? Unasubiri nani akutafunie? Ugali unapoa! Na wewe hapo, weka simu chini, simu haipoi! Festo yuko wapi? Anasema anakuja sasa hivi? Sasa hivi ya lini?"

Chacha alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye benchi. Mtu mmoja alipaliwa na maharage ikabidi apigwe mgongoni. Philomena alijiziba mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakimtikisika.

Mwanaima alitoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye guta, wateja wakimfuata. Hapo mwendo ulibadilika. Alitembea kwa ncha za vidole, kama aliyechelewa kuingia kanisani. Aliinua turubai taratibu. Akalipangusa guta kwa pindo la aproni, akaliinamia, akalisikiliza. Kisha akalifunika na kubaki amesimama, mikono imening'inia.

Hakuna aliyecheka. Mwanaima mwenyewe aliona amefika mahali ambapo hakupanga kufika. Alivua kilemba, akamrudishia mwenyewe.

"Mtani, mimi naigiza ninachokiona," alisema. "Yule wa jikoni namjua, hata nikiwa kipofu nitamjua. Huyu wa kwenye guta simjui. Sijui mmemtoa wapi."

"Nenda zako, Mzaramo wewe," alisema Philomena. "Ugali wako nimeufunika pale."

Aliosha sufuria jioni ile kwa nguvu ambayo sufuria hazikuistahili. Subira! Alijaribu kukumbuka ni lini hasa aliwahi kuwa nayo. Wageni waliokuja kumwona mgonjwa walimkuta amekaa kimya kando ya kitanda, wakasifu. Hawakuwepo asubuhi, uji ulipokuwa kwenye bakuli na Gelasius ameugeukia ukuta. "Gelasius, kunywa! Uji unapoa! Sikuupika ili uutazame!" Naye Gelasius, kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, alijiinua na kiwiko akisema, "Nakunywa, askari, nakunywa." Na alikunywa. Mpaka siku ya mwisho hakuna uji uliopoa katika nyumba ile.

Philomena aliacha kusugua. Askari. Alikuwa amelisahau jina hilo kabisa, kwa sababu mtu aliyelitumia alikuwa mmoja tu.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya kioo. "Mimi ni mtu wa..." alianza, na mdomo ukakataa. Alijisogeza, akaliona jicho. Jicho lilikuwa limeshakasirika.

"Chakula kifike cha moto!" alikiambia kioo.

Kuku walitawanyika.

Alikwenda kwenye guta, akavuta turubai mara moja, vumbi na yote. Akasimama kando ya kiti. "Sogea," alisema. Kisha, kwa kuwa aliona amesema kwa ukali, akaongeza, "Sogea kidogo tu, Gelasius. Tunaenea." Akapanda.

Wiki ile alijifunzia kwenye uwanja mtupu wa ghala la zamani la pamba, nyuma ya senta, Mwanaima akiwa nyuma kwenye bodi kama mzigo. Siku ya kwanza guta lilirukaruka kama mbuzi, likazima, likarukaruka tena. Mwanaima aliita majina ya mashehe wote wa Kisarawe. Siku ya pili halikuzima. Siku ya tatu Philomena alizunguka uwanja mzima kwa duara kubwa, kama anayelima na ng'ombe, na Mwanaima nyuma akipunga mkono kama bibi harusi. Kurudi nyuma hakujifunza. Kigingi cha rivasi kilikuwa kigumu, na uwanja ulikuwa mpana. Kwa nini ahangaike?

Mpango wake ulikuwa mzuri. Jumamosi, baada ya chakula kwenda machimboni, angemkaribisha shemeji uwanjani, ampigie mizunguko kadhaa, mambo yaishe.

Sostenes alifika karibu na saa sita, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, amebeba mfuko wa plastiki wenye kitu cha mviringo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu." Alikaa, akaweka mfuko kati ya miguu. Philomena aliona ukingo wa helmeti. Alikuwa amekuja tayari kuendesha.

Chakula kilikuwa kimeiva: ugali, maharage, na sato wa mchuzi. Festo hakuwepo. Philomena alipiga simu.

"Niko njiani, Mama Limi," alisema Festo, na nyuma yake ilisikika televisheni, mtoto akilia na mtu akiuliza chumvi iko wapi.

"Njia gani hiyo yenye chumvi?"

Simu ikakatika. Mvuke juu ya sufuria ulikuwa umeanza kupungua. Philomena alifunika, akafunua, akafunika tena.

"Taratibu, shemeji," alisema Sostenes kwa upole wake wote. "Tusubiri tu, atakuja."

Philomena alimtazama. Akatazama sufuria.

"Simama," alisema. "Shika hiyo ya mchuzi. Siyo hivyo! Shika na kitambaa, utaungua! Panda nyuma ya guta. Umenawa mikono?"

"Shemeji, mimi nime..."

"Panda!"

Sostenes alipanda. Kabla hajapata pa kuegemea, alikuwa na sufuria ya mchuzi mapajani, ya maharage kati ya miguu, beseni la ugali kwenye kwapa, na mfuko wa helmeti umening'inia kwenye kiwiko. Philomena alivaa helmeti ya Gelasius, iliyomshuka mpaka kwenye nyusi. Aliivua, akakunja kilemba akakiweka ndani, akaivaa tena. Ikakaa. Mwanaima alitoka kibandani mwake mbio.

"Shemeji mtu!" alimpigia Sostenes kelele. "Umeshapanda? Haya, tubu dhambi zako haraka!"

Guta liliruka mara moja, likakaa sawa, likashika njia.

Walipita nyumba za mwisho za senta. Walipita mitambo ya kusagia mawe, na wanaume wenye vumbi jeupe kuanzia kope mpaka viatu wakasimama kutazama. Kilima kilianza.

"Shemeji," Sostenes aliita kutoka nyuma, "umejifunza lini?"

"Wiki hii!"

"Wiki hii ipi?"

"Hii tuliyomo!"

"Mama Bikira Maria," alisema Sostenes, na akakumbatia mchuzi.

Juu ya kilima kuku mwekundu alikatiza. Philomena alifunga breki kwa nguvu, kuku akapita bila haraka, na hapo Philomena aliona mguu wake ulikuwa umefanya hivyo wenyewe. Akatulia kidogo. Akaingiza gia.

Kwenye maduara, wachimbaji waliisikia injini. Walianza kupanda juu mmoja mmoja kama zamani, wakisukuma taa za kichwani nyuma, na walipofika juu wakasimama. Walikuwa wanatazama bega la kilima mahali ambapo guta lilizoea kuchomoza, na kwa muda ule mfupi, kabla halijaonekana, kila mmoja alikuwa anamngoja mtu yule yule. Likachomoza. Chacha alivua kofia.

"Ni Mama Limi!" mtu akapiga kelele, na shimo zima likalipuka kwa vigelegele vya wanaume, ambavyo havipendezi lakini vina nguvu.

Vifuniko vilipofunuliwa, mvuke ulipanda. Chacha alikata tonge, akalichovya, akalitupa mdomoni, akaruka.

"Mama! Umeniunguza ulimi!"

"Na mikono hukunawa!" alisema Philomena. Aligeuka upande mwingine, akajishughulisha na beseni ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Sostenes alikula nao, amekaa juu ya kiroba cha mawe. Alisikiliza wachimbaji wakisimulia habari za kaka yake: mluzi, breki, kuku. Alipomaliza alinawa, akapanda tena kwenye bodi na sufuria tupu. Philomena akawasha. Hapo ndipo alipotazama nyuma yake.

Njia ilikuwa nyembamba, duara huku na duara kule, hakuna pa kuzungukia.

"Rivasi iko wapi?" aliuliza Sostenes.

"Sijafika huko."

Wachimbaji waliliangalia guta, wakaliangalia shimo, wakaangaliana. Chacha alitema mate mikononi. Wakalizunguka, wakahesabu kwa pamoja, wakalinyanyua lote, Philomena akiwa kwenye usukani na Sostenes nyuma amekumbatia sufuria. Wakaligeuza taratibu hewani, wakalitua likitazama nyumbani.

"Shemeji," alisema Sostenes vumbi lilipotulia, "sasa tumbaku yangu nitaibeba na nini?"

"Siku ya kubeba utaniita. Nitakuja kubeba mwenyewe."

"Mpaka Ushetu?"

"Kwani Ushetu ni ng'ambo ya bahari? Lakini wakulima wako wawe wamenawa mikono."

Sostenes alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alifungua mfuko wake wa plastiki, akaitoa helmeti, akaigeuza geuza. "Mimi nilikuja nayo ya kuendeshea," alisema.

"Ivae. Tunateremka kilima."

Akaivaa, akafunga mkanda chini ya kidevu vizuri kabisa.

Philomena aliendesha. Bila sufuria za chakula guta lilikuwa jepesi, na upepo uliingia chini ya helmeti kubwa ukalitikisa kilemba. Karibu na juu ya kilima alijaribu kupiga mluzi. Ulitoka upepo mtupu. Miaka yote hiyo hakuwahi kujifunza, kwa sababu kulikuwa na mwenye kazi hiyo. Alijaribu tena, akapata upepo na mate.

Nyuma yake Sostenes, aliyekua nyumba moja na mtu yule, aliupokea wimbo palepale ulipokwama. Aliupiga wote, wimbo ule ule, bila kwenda upogo hata kidogo. Philomena hakugeuka. Aliongeza moto kidogo, akafunga breki kwa ajili ya kuku, na wakateremka kuelekea Isangilo.